Gazeti linalotaka kununuliwa Bukoba liandike habari za Bukoba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nami niseme neno kuhusu tahariri yenu iliyolalamikia kushuka kwa mauzo ya magazeti. Mlitaja simu janja, bei ya karatasi na matangazo ya taasisi za umma yasiyolipwa kwa wakati. Yote kweli, na kamati iliyoongozwa na mwanahabari mkongwe Tido Mhando mwaka 2023 iliundwa kuangalia hali hiyo hiyo ya kiuchumi ya vyombo vya habari. Ila kuna sababu moja hamkuigusa kabisa. Mimi naiona kila siku kwa kuwa nauza magazeti hapa Bukoba mjini, mkoani Kagera: ndani ya gazeti lenu sisi hatumo.

Wateja wangu ni wa aina mbili. Wapo wa kula kwa macho. Hao husimama mbele ya meza, wakasoma vichwa vya habari, wakabishana kuhusu Simba na Yanga, wakaenda zao. Siwalaumu, maana vichwa hivyo hivyo wameshasomewa redioni alfajiri, bure, tena kwa mbwembwe. (Kuna watangazaji husoma habari nzima mpaka aya ya mwisho. Sijui wahariri mnalivumiliaje jambo hilo, halafu mnashangaa nakala zinarudi.) Na wapo wanaotoa hela. Hao, kabla ya kuingiza mkono mfukoni, huuliza, "Cha kwetu kipo?" Siku kukiwa na habari ya kahawa, ya mgogoro wa ardhi Misenyi, au ya madiwani waliomkalia kooni mkandarasi wa barabara, mzigo unakwisha mapema na wengine wanabaki kuazimana. Siku nyingine nakaa juani mpaka jioni, halafu nahesabu za kurudisha.

Kinachoandikwa kutoka mkoani mara nyingi ni kiongozi kasema, kaagiza, kaonya. Sababu yake haina siri. Msafara wa kiongozi una gari, una chakula na, tusidanganyane, una bahasha. Mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari iliyotoka, halipwi kwa siku aliyohangaika. Akienda Ngara kwa nauli yake na habari isipotumika, imekula kwake. Katika hali hiyo nani atakaa kutwa nzima kwenye Baraza la Madiwani akisikiliza hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu halmashauri, wakati hana uhakika wa hata nauli ya kurudi?

Chukulieni kahawa peke yake. Msimu ukifika, mkulima wa Karagwe au Muleba anataka kujua mnada wa mwisho ulifungwa kwa bei gani, chama chake cha msingi cha ushirika kiliuza kilo ngapi, makato yalikuwa ya nini, na fedha zitaingia lini. Mtu wa butura, yule anayenunua kahawa ingali mtini kwa bei ya kumaliza shida ya ada, anazijua bei zote hizo na ndiyo maana anatamba. Mkulima anabaki kusikia kwa jirani. Gazeti ambalo kila wiki lingeweka jedwali la bei kwa kila chama cha msingi, na chini yake maelezo ya mtu aliyekwenda ghalani akaona mzani, ningeliuza mpaka vijijini kwa bodaboda. Kuna mahitaji mengine ya aina hiyo: mnyauko wa migomba umefika kata gani, zahanati ipi imejengwa kuta ikaachwa bila paa, kivuko kimesimama kwa nini.

Mtaniambia hamna watu wa kufika kote huko. Wapo, na wana simu mkononi. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wetu wa ndege na watu 19 wakapoteza maisha, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi, na watu wa ufukweni walikuwa wakipiga video wakati vyumba vya habari Dar es Salaam bado vinatafuta wa kumpigia. Picha za namna hiyo hatimaye huchapwa, na chini yake huwekwa maneno "Picha: Mtandao". Mtandao haujawahi kushika simu. Aliyeshika ni kijana aliyekuwa pale, ana jina, na angelipwa hata kidogo angewapigia ninyi kwanza safari nyingine, kabla hajairusha kwenye makundi.

Sisemi mchape kila kinachorushwa. Siku ile ile ya ndege, idadi ya waliookolewa ilitangazwa kuwa 26, baadaye ikawa 24, na hizo ni takwimu za wakubwa, sembuse za mtu aliyesimama mbali. Januari 2025 ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna washukiwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayoua, mkoani kwetu, wizara ikasema vipimo havikuonyesha kitu, na tarehe 20 Rais akathibitisha mgonjwa Biharamulo. Katikati ya hapo simu zetu zilijaa sauti za watu wasiojitaja, kila mmoja na idadi yake ya maiti. Watu walikuja mezani kwangu kuuliza gazeti linasemaje. Gazeti lilisema yale yale yaliyotoka Dodoma. Siku hizo ndipo mngeuza, kama mngekuwa na mtu aliyezungumza na wauguzi na wanakijiji, na mhariri wa kupepeta kipi kimethibitishwa.

Kwa hiyo wekeni namba ya WhatsApp ya kupokea taarifa kutoka mikoani, na mtu wa zamu wa kuijibu. Mtoa taarifa aulizwe alikuwa wapi na aliona nini kwa macho yake, atafutwe shahidi wa pili, anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu. Ikitumika, alipwe kwa simu siku hiyo hiyo. Msimwite mwandishi, kwa sababu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ina masharti yake ya ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi. Huyo ni mtoa taarifa, na kazi ya uandishi ibaki kwa mwandishi wenu wa mkoa. Mtoa taarifa akiomba jina lake lifichwe, lifichwe kweli. Watu wanaijua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hawajamsahau Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya Kibiti, mkoani Pwani, na hajaonekana tangu Novemba 2017. Mwandishi wa wilayani yuko peke yake kuliko ninyi mlioko ghorofani.

Fedha? Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Bukoba hawezi bei ya tangazo la nchi nzima na wala halihitaji. Mfungulieni ukurasa wa Kagera, muuzieni kipande cha ukurasa huo. Shule binafsi, nyumba za wageni, wauza miche na familia zenye tanzia watafuata. Leo matangazo hayo yanabandikwa kwenye nguzo za umeme.

Namalizia kwa swali, na naomba jibu lake lichapishwe: mwandishi wenu aliyeko Kagera mnamlipa shilingi ngapi kwa habari moja, na nauli yake analipa nani?

Wakala wa magazeti,
Bukoba