Sifa za kununuliwa mitandaoni

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maoni ya wateja yanayowekwa mitandaoni chini ya bidhaa. Siku hizi watu wengi Unguja na Pemba huagiza simu, vipodozi, hata majokofu bila ya kuyaona, wakitegemea nyota tano za watu wasiowajua. Baadhi ya sifa hizo hununuliwa. Mwaka 2022 Amazon, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliwashtaki wasimamizi wa makundi zaidi ya 10,000 ya Facebook yaliyotafuta watu wa kuandika sifa za uongo kwa pesa au bidhaa za bure. Marekani iliipiga marufuku biashara hiyo 2024. Sisi tunaolipa kabla mzigo haujavuka bahari ndio tunaoumia zaidi, maana kurejesha kitu kutoka Wete, huku Pemba, si sawa na kukirejesha dukani Darajani, Unguja mjini.

Mimi huamini zaidi maoni ya nyota tatu: huyo hueleza betri inakaa saa ngapi, nguo imechuja au la. Sifa zinazofanana maneno, zilizoandikwa siku moja, naziruka. Naiomba Tume ya Ushindani Halali wa Biashara iwaelimishe wananchi redioni, na iwabane wauzaji wa hapa hapa wanaojisifu kwa majina ya bandia.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba