Barua kwa mwanangu aliyeko Vermont

Mwanangu Zuhura,

Salamu kutoka Tanga. Sote wazima, na bibi yako anauliza kama baridi ya huko imepungua.

Juzi ulinicheka kwenye simu: "Mama, eti Theodore Roosevelt alikuwa Republican!" Mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Ndiyo, rais yule wa Marekani mpenda mageuzi alikuwa wa chama ambacho leo tunakijua kuwa cha wahafidhina, na si yeye tu. Zama zile kila chama kilikuwa na wapenda mageuzi wake na wahafidhina wake. Roosevelt aliziburuza mahakamani kampuni zilizohodhi soko, na mwaka 1906 akatia saini sheria za ukaguzi wa nyama, vyakula na dawa. Mwaka 1912 chama kilipomteua tena Taft, rais aliyekuwa madarakani, Roosevelt alitoka akagombea kwa chama kipya cha Progressive. Alimpita Taft kwa kura, ila Ikulu akaingia Woodrow Wilson wa Democratic, chama pinzani cha Republican. Naye Wilson alisifiwa kwa mageuzi, huku serikali yake ikiwatenga wafanyakazi weusi maofisini. Usidhani basi kwamba mpenda mageuzi wa wakati ule alikuwa pia mtetezi wa weusi.

Na hapo unapoishi? Tangu 1856 hadi 1960 Vermont haikukosa hata mara moja kumpa kura mgombea urais wa Republican. Mwaka 1936 Franklin Roosevelt wa Democratic aliposomba nchi nzima, zilimkataa Maine na Vermont peke yake. Leo Vermont hiyohiyo inamrudisha Bernie Sanders, yule wa mrengo wa kushoto, Seneti!

Mississippi, jimbo la Kusini, ilikwenda kinyume. Mwaka 1964 maseneta 27 kati ya 33 wa Republican waliipigia kura ya ndiyo Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi wa rangi. Wademocrat 21, karibu wote wa Kusini, waliipinga. Lakini Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican mwaka uleule, naye aliikataa, na Mississippi, ambayo haikuwa imekichagua chama hicho tangu 1872, ikampa asilimia 87 ya kura. Wengi wa weusi hawakuweza hata kujiandikisha kupiga kura huko. Seneta Strom Thurmond wa South Carolina naye alihamia Republican mwaka huohuo.

Wanaosema vyama vilibadilishana kanzu usiku mmoja wananiudhi. Wabunge wa Kusini walibaki Wademocrat kwa miaka mingi, mpaka uchaguzi wa 1994 ndipo Republican wakawazidi. Wapiga kura walihama polepole, wengine hawakuhama kabisa, walikufa tu, na watoto wao wakachagua vingine.

Ushuru wa bidhaa ndio unaonichanganya hata mimi niliyefundisha historia. Rais McKinley aliupenda, Rais Reagan akahubiri biashara huria, Trump akaurudisha, na wote ni Republican. Niambie wewe, mhafidhina hapo ni yupi? Nijibu kwa maandishi, si kwa vikatuni vyako vya kucheka.

Vaa soksi nzito.

Mama yako