Mwanamke asiuziwe bastola kwa kipimo cha mkoba

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu wafanyabiashara wanaoomba kibali cha kumiliki silaha iligusa jambo ninaloishi nalo kila siku, na nashukuru kwamba mliliandika. Lakini siwezi kunyamazia ushauri ule uliotolewa kuelekea mwisho, kwamba mwanamke anayetaka bastola ya kubeba chini ya nguo atafute iliyo ndogo kuliko zote, itakayoingia mkobani. Ushauri huo nimeusikia pia kwa wauzaji na kwa wanaume wenye leseni tunaofahamiana. Wote wanautoa kwa nia njema. Hata hivyo naamini unaweza kuua mtu, na atakayekufa huenda akawa mtoto wa mwenye bastola.

Nina duka la pembejeo hapa viungani mwa Eldoret. Msimu wa kupanda, Machi na Aprili, wakulima wanakuja kuchukua mbolea na mbegu, na licha ya M-Pesa wengi bado wanalipa noti mkononi. Jioni mimi ndiye ninayefunga hesabu na mimi ndiye ninayebeba. Marehemu mume wangu alikuwa na leseni. Alipofariki bastola yake ilirudishwa polisi, kwa kuwa cheti cha silaha hakirithiwi kama shamba. Niliomba changu, na serikali ilipotaka wenye leseni wote wakaguliwe upya kuanzia Desemba 2018, nilipitia ukaguzi huo nikapewa cheti kipya. Tangu mwanzo nimebeba CZ 75 Compact, ile ambayo hapa kwetu kila mtu anaiita Ceska. Ni ya chuma, inakaribia kilo moja kabla hujatia risasi, na baada ya kuifunga kiunoni tangu asubuhi hadi giza nyonga yangu ya kulia haitaki tena. Kwa hiyo mwaka huu natafuta nyepesi. Nimelifanyia swali hili kazi, na ndiyo maana makala yenu ilinishtua.

Muuzaji mmoja aliniwekea mezani kibastola kinachofichika kiganjani akaniambia, "Mama, hii ndiyo yenu, ni rahisi." Nikamwomba kijana yule, kwa heshima, atoe magazini, kile kikasha cha risasi, ahakikishe chemba ni tupu, kisha aniruhusu niikoki, yaani nivute nyuma slaidi, kile kipande cha juu. Sikuweza. Nina yabisi kwenye gumba la kushoto, na slaidi ile ilikuwa fupi na ngumu kiasi kwamba vidole havikupata pa kushika. Alishangaa, maana mama huyohuyo dakika moja kabla alikuwa amekoki Glock 19, bastola kubwa zaidi, bila shida.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Slaidi fupi ni nyepesi na haina nafasi ndefu ya kurudi nyuma, kwa hiyo ili kuhimili msukumo wa risasi ileile ya milimita 9, watengenezaji hulazimika kuweka springi ngumu zaidi. Bastola inavyopungua urefu, ndivyo inavyotaka vidole vyenye nguvu zaidi kuikoki. Tena kampuni zenyewe zinalijua hilo. Smith & Wesson walipoamua mwaka 2018 kutengeneza bastola kwa ajili ya watu wenye mikono dhaifu, ile waliyoiita Shield EZ, hawakuifanya ndogo zaidi. Waliifanya ndefu kuliko Shield ya kawaida na wakaitengeneza kwa risasi ya .380, yenye msukumo mdogo kuliko ya milimita 9. Toleo la milimita 9 lilifuata mwaka 2020. Mwenye shaka aiweke Shield na Shield EZ kando kwa kando.

Kukoki ni mwanzo tu. Risasi haijui imewekwa katika bastola gani. Nguvu yake ni ileile, na bastola ikiwa nyepesi, mkono ndio unaobeba kilichobaki. Ni kama jembe zito lenye mpini wa shubiri moja: udongo ni uleule, anayeumia ni mlimaji. Katika bastola ndogo kabisa kishiko ni kifupi hata kidole cha mwisho hakina pa kukaa, kinaning'inia hewani, na kila unapofyatua unalazimika kushika upya. Vilengeo vya mbele na nyuma navyo viko karibukaribu, hivyo kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Nimeona wanawake kwenye uwanja wa shabaha wakipiga bastola za namna hiyo mara chache, wakasugua kiganja, wakairudisha kwenye boksi. Hawakurudi tena. Leo wana leseni, wana silaha sefuni, na hawana mazoezi. Mtu wa namna hiyo anajidanganya kwamba ana ulinzi, na majirani zake wako hatarini siku atakayofyatua kwa hofu sokoni.

Mwalimu wangu wa shabaha, mzee aliyestaafu jeshini, hanijibu kamwe nikimuuliza ipi ni nzuri. Ananiambia, "Mama, shika kwanza." Amenifundisha kuangalia mambo ambayo picha haziwezi kuonyesha. Je, ncha ya kidole cha shahada inafika kwenye triga bila mimi kuzungusha kishiko kiganjani? Je, gumba linafikia kitufe cha kuachia magazini? Nikifumba macho, nikanyoosha mikono, nikafumbua, je, mtutu umeelekea pale nilipokusudia au umeinama? Kwa mkono wangu, Glock 19 ilikuwa nene. Ni bastola niliyoiheshimu tangu siku ya kwanza. Imekuwepo tangu mwaka 1988, inabeba risasi 15, na ina uzito wa gramu kama 670 ikiwa na magazini tupu. Lakini magazini yenye safu mbili za risasi inanenepesha kishiko, na ilinibidi kuihamisha kiganjani ili nifikie triga. Niliyoichagua ni Glock 43X, iliyotoka mwaka 2019. Kishiko chake ni kirefu sawa na cha Glock 19, vidole vyangu vitatu vyote vinakaa, ila ni nyembamba zaidi. Inabeba risasi 10 na uzito wake uko karibu na nusu kilo. Kwa wengine jibu litakuwa jingine. Dada mmoja wa Kitale ninayefanya naye mazoezi ana vidole virefu na kwake CZ P-10 C, bastola nyingine ya kampuni ileile ya Ceska yangu, ilikaa kana kwamba ilichongwa kwa ajili yake.

Watu wengi hunibishia kuhusu risasi: mbona uache 15 uchukue 10? Kwetu cheti chenyewe hutaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Na mimi siendi vitani. Nataka kufika nyumbani.

Kuna jambo katika kubadilisha ambalo limenisumbua zaidi ya uzito. Ceska yangu ina komeo la usalama pembeni, na gumba langu limezoea kulishusha bila kufikiri. Glock haina komeo la kushushwa kwa gumba. Kizuizi chake kimoja kiko kwenye triga yenyewe na vingine viko ndani, na vyote vinafunguka kidole kinapovuta triga. Maana yake ni kwamba chochote kinachoingia mahali pa triga na kuivuta, kiwe kidole, kamba ya koti au ukunjo wa leso, kinaweza kuifyatua. Hiyo haimaanishi kwamba bastola ni mbovu, ndivyo ilivyoundwa. Ila ala, yaani mfuko wa kuibebea kiunoni, ndiyo inayokuwa komeo lako. Lazima iwe ngumu, ifunike triga yote, isikunjamane ukishatoa bastola, na ikae mahali pamoja kwenye mkanda imara. Nimeona wenye leseni wakitumia laki na zaidi kununua bastola kisha wakaitia kwenye ala ya kitambaa iliyolegea mdomo. Mimi ningemshauri mtu achague ala kwanza. Kama hakuna ala nzuri ya bastola fulani inayopatikana hapa nchini, bastola hiyo haifai kubebwa, hata ingekuwa imesifiwa vipi.

Hapo sasa narudi kwenye mkoba, neno lililonifanya nishike kalamu. Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho kule Marekani, mama kijana aliingia dukani kununua vitu pamoja na mtoto wake wa miaka miwili. Alikuwa na kibali. Bastola ilikuwa ndani ya mkoba uliotengenezwa maalumu kwa kubebea silaha, wenye mfuko wake wa zipu. Mtoto aliufikia mkoba kutoka kwenye toroli ya duka, akaifikia bastola, akamuua mama yake papo hapo. Hakukuwa na mwizi wala ugomvi. Nina wajukuu wanaokuja dukani wakitoka shule, na kitu cha kwanza wanachopekua ni mkoba wa nyanya yao wakitafuta peremende. Ninapowasikia watu wazima wakimwambia mama mwenye watoto atie bastola mkobani, napata baridi mwilini.

Tena tuseme ukweli kuhusu mitaa yetu. Mkoba ndio kitu cha kwanza kunyakuliwa. Kijana wa bodaboda anapita, anavuta, ameenda, na sasa ana simu yako, funguo zako na bastola yenye risasi, iliyoandikishwa kwa jina lako. Wewe utakwenda kituoni kuandika taarifa na kueleza kwa nini silaha ambayo serikali ilikuamini nayo iko mikononi mwa mhalifu. Mkoba pia huwekwa chini: juu ya kaunta, kwenye kiti cha gari, kanisani, msalani hotelini. Iliyo kiunoni haisahauliki.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba mavazi ya mwanamke hayaruhusu. Ni kweli ni kazi. Gauni halina mkanda, na suruali nyingi za kike zina vitanzi dhaifu. Mimi nimeshonesha sketi zenye kiuno kigumu na vitanzi vipana, juu navaa blauzi ndefu ya kitenge au koti jepesi, na fundi wangu pale mjini haulizi tena. Siku ninapovaa nguo isiyoweza kubeba ala, bastola inabaki sefuni na nabadilisha mpango wa siku: hakuna pesa ya kubeba, naenda na mtu. Vivyo hivyo siku ya harusi ambako najua kutakuwa na kinywaji. Kubadilisha nguo kuna gharama, lakini ni nafuu kuliko kuchagua silaha isiyofaa kwa sababu ya nguo.

Neno moja pia kwa wanaokimbilia kila toleo jipya linalotoka. Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ililazimika kutangaza marekebisho ya bure kwa bastola ya P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba iliweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Ilikuwa bastola ya kampuni kubwa, ambayo jeshi la Marekani lilikuwa limeichagua mapema mwaka huohuo. Yule aliyesubiri hakupoteza kitu. Huku kwetu, ambako silaha yako imeandikwa kwenye cheti na kuibadilisha ni maombi mapya na safari mpya, subira ina thamani zaidi.

Kwa hiyo ninaomba, Mhariri, mambo yasiyo magumu. Wauzaji wamruhusu mnunuzi, hasa mwanamke, kwenda uwanjani na mwalimu kupiga aina mbili tatu kabla ya kulipa, hata kama atalipia risasi mwenyewe. Mimi ningelipa kwa furaha. Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo tayari hutuuliza mengi, iulize pia: utaibeba wapi mwilini, na ndani ya ala gani? Mwenye kujibu "mkobani" arudishwe akajifunze. Nanyi gazetini, kama mtaandika tena juu ya jambo hili, mkamhoji mwalimu wa shabaha na mama mmoja anayebeba kila siku kabla ya kumhoji muuzaji.

Maombi yangu ya kubadilisha silaha yamekamilika na yatapelekwa wiki hii. Ala ninayo tayari. Usiku, watoto wakishalala, naifunga kiunoni ikiwa tupu, bila bastola, na kutembea nayo nyumbani, niinue magunia, niiname, nikae, nipande ngazi ya stoo, ili nijue mapema inakochoma na inakolegea.

Mwenye duka la pembejeo,
Eldoret
(Jina limehifadhiwa kwa sababu za usalama)