Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: kibali kitaje fungu la mto, si lita peke yake

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Maombi ya kurekebisha sheria ya vibali vya kutumia maji katika Bonde la Pangani

Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Chekereni, kusini mwa mji wa Moshi, na kwa misimu kadhaa nimekuwa mmoja wa wanaopanga zamu za maji katika mifereji yetu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba haliwezi kumalizwa na mgawa maji, wala na mwenyekiti wa kijiji, wala hata na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye ofisi yake hapa Moshi. Linahitaji sheria ibadilishwe, na mabadiliko hayo huanzia wizarani kwako.

Mtu anayetutazama kwa mbali, akiuona Mlima Kilimanjaro umesimama juu yetu, hudhani hatuwezi kupungukiwa maji. Mvua ya msituni kwenye miteremko ya kusini, ambayo hasa ndiyo inayolisha chemchemi na mito yetu kuliko barafu ya kilele cha Kibo inayozungumzwa sana, hupita milimita 2,000 kwa mwaka katika baadhi ya maeneo. Huku tambarare hatupati hata nusu ya hiyo, kwa hiyo tunaishi kwa mvua iliyonyesha kwa wenzetu na kutufikia kwa mto. Maji hayo huanza kuchukuliwa na mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, huko juu kwenye migomba na kahawa, yakanywesha mji, yakamwagilia mashamba makubwa pamoja na majaruba yetu ya mpunga, na bado yanatarajiwa yafike bwawa la Nyumba ya Mungu na kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 8 pale bwawani, 21 Hale na 68 Pangani.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ni bora kuliko ile ya 1974 iliyoitangulia, na sitaki nionekane naibeza. Imetanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, ikafuatisha maji ya kuuhifadhi mto wenyewe, na imezipa haki za kimila hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa kibali. Kasoro ninayoiona iko kwenye kibali chenyewe, ambacho humruhusu mtu kuchukua lita kadhaa kwa sekunde kana kwamba mto ni tangi lenye ujazo uleule mwaka mzima. Mwezi wa Aprili namba hiyo haimsumbui yeyote. Mwezi wa Oktoba, kila mwenye kibali anaweza kuwa na haki kamili kwenye karatasi huku mto ukiwa hauna uwezo wa kuwatimizia hata nusu yao, na kwa kuwa kibali hakisemi upungufu ubebwe na nani, unabebwa na yule aliye chini kabisa.

Najua sheria inaruhusu matumizi yapunguzwe wakati wa ukame. Lakini hiyo ni hatua ya dharura, inayongoja tamko baada ya uhaba kuonekana, ilhali mpunga uliokwisha kupandikizwa haungoji tamko. Kwetu uhaba si dharura. Hurudi kila kiangazi, na jambo linalorudi kila mwaka linastahili kanuni inayojulikana kabla halijafika.

Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ambayo mashamba yangu yamo ndani yake, ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Eneo lake lilipangwa kuwa hekta 2,300, na kati ya hizo 1,100 zilikuwa za mpunga, zikitegemea mito ya Rau na Njoro. Mpunga ulistawi, na wenzetu walio juu ya banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini, walipoona mavuno hayo, nao wakachimba mifereji na kulima mpunga. Siwezi kuwalaumu, maana walijifunza kutoka kwetu na mto unapita mlangoni kwao. Hata hivyo, maji yaliyopimwa na wahandisi kwa ajili ya hekta zile hayakufika tena kama ilivyokusudiwa, na Chekereni, iliyo mwishoni mwa mfereji, ndiyo iliyoona majaruba yake yakipasuka nyufa. Hakuna aliyeketi na pande zote mbili mwanzoni akauliza mto huu utagawanywaje ukipungua.

Wazee wa mifongo waliuliza swali hilo kabla ya serikali yoyote kufika hapa. Mfongo hugawa maji kwa zamu: ukoo huu mchana, ule usiku, na maji yakipungua kila zamu hupungua, lakini hakuna anayefutwa. Asiyetokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, alijua atakosa maji. Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wengi hulipita haraka. Banio la zamani lilijengwa kwa mawe, magogo na migomba, na siku zote lilivuja. Maji yaliyovuja ndiyo yaliyokuwa ya jirani wa chini. Linapojengwa banio la zege lenye geti la chuma, tunaita maboresho, na ni kweli linampunguzia mkulima kazi, lakini linampa aliye juu uwezo wa kuufunga mto mzima kwa mkono mmoja. Nimesimama chini ya banio la namna hiyo saa nane za usiku, pamoja na kina mama waliokuja kungoja zamu yao na tochi mkononi, tukitazama mawe makavu.

Ninaloomba, Mheshimiwa, ni kibali kinachotaja fungu. Kiseme kwamba banio hili lina haki ya sehemu fulani katika kila kumi za maji yaliyopo mtoni, baada ya kutoa maji ya kunywa na maji ya mto wenyewe, na kiweke lita kama kikomo cha juu tu. Kila banio liwekwe ubao wa kupimia kina, wenye alama ambazo hata mtoto wa shule anaweza kuzisoma, na Bodi itangaze hali ya mto kabla hatujaandaa vitalu, ili mtu ajue alime majaruba mangapi. Mashamba makubwa yaingie katika jumuiya ya watumia maji ileile tuliyomo sisi, yakae kwenye kikao kilekile, na zamu iliyopangwa hapo iwe na nguvu ya sheria. Mifongo isiyo na karatasi iandikishwe kwa pamoja, kwa jina la mfongo, bila kumlazimisha kila mzee kuja mjini na ada yake.

Huko Australia, katika bonde kavu la Murray-Darling, haki ya mkulima ni fungu la maji yaliyopo, na kiasi chake hutangazwa kila msimu. Wao pia wameruhusu fungu hilo liuzwe sokoni; hilo siliombi, kwa sababu hapa kwetu mwenye fedha angeyanunua maji yote ndani ya kiangazi kimoja. Najua pia mwekezaji atasema anahitaji uhakika. Lita zilizoandikwa kwenye karatasi wakati mto umekauka hazimpi uhakika huo, ilhali fungu analojua halitaguswa na aliye juu yake litampa.

Ninakuomba uje mwezi wa Oktoba, uanzie mfongo wa juu kabisa na kuufuata mto kwa miguu hadi huku kwetu. Tutakupokea.

Naomba kuwasilisha.

Mkulima wa mpunga,
Chekereni, Moshi