Lesi ya vijiti: barua kwa Shangazi, Bombo

Bedford, Uingereza

Shangazi mpendwa, pamoja na wote wa nyumbani Bombo,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima sote. Umeuliza kama akina mama wa kikundi chenu cha kroshia wanaweza kuanza lesi ya vijiti, na kama vifaa lazima viagizwe kutoka huku. Wanaweza, na cha kuagiza ni kidogo. Mkono uliozoea kusuka kawa na mkeka umekwisha kujua lililo gumu kuliko yote, yaani kuvuta kila uzi kwa nguvu ileile.

Lesi hii haitumii sindano, si ya kushonea wala ya kroshia. Kila uzi una kijiti chake, vijiti huenda viwili viwili, nyuzi zinapishana na kusokotana juu ya mto mgumu, na pini zinashika umbo mpaka kazi ikaze. Anzeni na mtindo wa toshoni. Lesi ya Honiton, kule Devon, iliyopamba gauni la arusi la Malkia Victoria mwaka 1840, inavutia sana, lakini nyuzi zake ni nyembamba mno na kila ua hufumwa peke yake. Anayeanza akipewa hiyo, wiki ya pili harudi. Toshoni huchorwa kwenye karatasi ya miraba na mistari yake hulala digrii 45, kwa hiyo kosa linajitokeza mara moja.

Mto ndio msingi. Shoneni mfuko wa duara wa amerikani, upana sm 40, mjaze majani makavu yaliyokatwakatwa au unga wa mbao uliokauka kabisa, mshindilie mpaka mikono ichoke. Chomeni pini: isimame wima, na uzi ukivutwa isiiname. Mto ukiwa laini, pini inainama kidogo kila mara, matundu ya mchoro uliobandikwa juu ya mto yanahama, na lesi inatoka imepinda hata kama mishono yote ni sahihi. Ufunikeni kwa kitambaa cha buluu au kijani iliyokolea, kisicho na manyoya, kilichofuliwa kwanza ili rangi isiambukize uzi. Lile povu jeupe la kufungashia televisheni linafaa kwa kujaribu tu, maana matundu yake hayajizibi na baada ya muda pini zinacheza.

Vijiti achieni seremala. Mwanzi wa Mlima Elgon unafaa, au mti wowote mgumu: urefu sm 10, unene wa penseli, shingo nyembamba ya kuzungushia uzi, na kichwa kidogo juu yake cha kuuzuia usichomoke. Huku Bedford na majirani zake, mkiani hufungwa pete ya waya yenye shanga za kioo. Pete hiyo inazuia kijiti kisiviringike na kuusokotoa uzi, na uzito wake unaukaza. Shanga zetu za karatasi zina sura nzuri ila ni nyepesi, kwa hiyo zichanganyeni na za kioo. Msasa upigwe kwa makini, maana chembe moja ya mbao hunasa uzi kila unapopita. Kila mtu aanze na jozi 12.

Uzi uwe wa pamba. Poliesta hunyumbuka, na pini zikitoka inarudi ilikotoka, lesi ikajikunja. Kupima unene, zungusheni uzi kwenye rula, mizunguko iguse lakini isipandane, mhesabu ndani ya sentimita moja. Kwa toshoni, mizunguko kama 12 ijae kati ya pini mbili za ukingo ulionyooka. Mchoro wenye mm 6 kati ya pini hizo unataka uzi wa mizunguko 20 kwa sentimita. Ukiwa mnene kuliko hapo, lesi inakuwa ngumu kama kadibodi. Ukiwa mwembamba, inalegea kama wavu mzee.

Sasa mkono wenyewe. Chukua jozi mbili, vijiti vinne, uhesabu nafasi kutoka kushoto: 1, 2, 3, 4. Namba ni ya nafasi, kijiti kikihama kinapata namba mpya, na wengi hupotea hapo. Kupishanisha ni cha 2 kupita juu ya cha 3. Kusokota ni cha 2 kupita juu ya cha 1, na cha 4 juu ya cha 3. Mienendo ni hiyo miwili tu. Pishanisha, sokota, pishanisha: umepata mshono wa kitambaa. Pishanisha, sokota, ukaishia hapo: nusu mshono. Wavu wa toshoni ni nusu mshono, pini katikati ya jozi mbili, kisha nusu mshono tena wa kuifunga pini. Shukeni kwa mshazari kutoka ukingoni. Mkienda mlalo kama mnafuma sweta, mtafika kwenye tundu ambalo jozi yake bado iko juu.

Katika mshono wa kitambaa, jozi inayotembea, yaani ile inayokwenda na kurudi ikipita nyingine zote, iwe ya uzi mwekundu siku za mwanzo, ndipo kosa linaonekana lilikoanzia. Kurekebisha ni kurudi nyuma, hatua ya mwisho ikitangulia kufumuliwa, msikate. Pini za katikati zinaweza kutoka baada ya sm 4, lakini za ukingoni zibaki mpaka sm 8, la sivyo ukingo unajivuta ndani. Fundo lisiwekwe kwenye jozi inayotembea, maana litagonga kila jozi inayokutana nayo.

Aliyetoka kumenya matoke asiguse uzi mweupe, hata kama amenawa. Utomvu hujitokeza baadaye, mweusi, na hautoki. Pini za chuma cha kawaida hushika kutu msimu wa mvua na kuacha alama hizohizo. Kwa hiyo ninachotuma ni pini za shaba, 400.

Kuhusu kikundi, naomba uwaambie wazi: hii si biashara. Tangu mashine za lesi za John Heathcoat mwanzoni mwa miaka ya 1800, lesi ya mkono haijaweza kushindana kwa bei. Imebaki hai pale watu wanapofundishana kwa kuipenda. Idrija, nchini Slovenia, wana shule ya lesi tangu 1876 na watoto bado wanajifunza. Huku, chama cha The Lace Guild kilianza mwaka 1976.

Kinachowakimbiza wapya ni maandalizi. Kuzungusha jozi 12 na kuzipanga kunakula mkutano mzima, mtu anaondoka hajafuma hata mshono. Wekeni mito miwili ya kuazima, nyuzi zimeshazungushwa, kazi imeshaanzwa sm 3. Mgeni akae, aendeleze. Kipande cha kwanza kiwe alama ya kitabu, sm 3 kwa 15, aende nacho kwake.

Michoro asilia itunzwe nyumba moja, pakavu, mfanyie kazi nakala. Juu ya kila mchoro andikeni idadi ya jozi, uzi, na mahali kila jozi inapoingilia, mkishikiza kipande cha lesi yenyewe. Michoro mingi ya zamani huku imebaki matundu matupu kwenye kadi kwa sababu aliyeijua hakuandika.

Seremala atengeneze vijiti viwili tu kwanza. Zungusheni uzi, malizieni kwa kitanzi kichwani, mvining'inize usiku kucha. Uzi ukifunguka, rudieni kwa vitanzi viwili. Ukifunguka tena, kichwa ni kidogo mno. Nipigie picha kabla hajakata vilivyobaki.

Wasalaam,
Binti yako