Ya moyo tusiyatazame kwenye mafuta peke yake

Bwana Mhariri,

Salaam aleikum na poleni kwa kazi. Nimesoma taarifa yenu ya magonjwa ya moyo na nanyi mmesema yale yale tunayoambiwa kila siku, punguza mafuta, punguza chumvi, wacha sigara, na ni kweli sipingi hata moja, lakini kuna jambo limeachwa nyuma na mimi limenigusa nyumbani kwetu ndio maana naandika.

Ami yangu alishikwa na moyo mwaka jana, tukambeba usiku wa manane, mshipa ulikuwa umeziba akawekewa stenti, kile kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, akarudi nyumbani, alhamdulillahi. Akaambiwa mafuta basi. Tukatii kabisa, viazi karai marufuku, bhajia marufuku, hata mahamri akawa ni wa kuyatazama tu. Sasa Ami ni mtu wa mishkaki, akitoka kuswali isha lazima apitie kwa kijana wa jiko pale Makadara, na sisi tukaona mishkaki haina neno manake inachomwa kwa makaa haikaangwi, tukawa hata twamwambia yule kijana atoe vile vipande vyenye mafuta amtilie nyama tupu. Vijiti sita, saba, kila usiku, na sisi roho zetu zimetulia twaona twamlinda mzee. Wallahi nikikumbuka naumia.

Kumbe ile nyama tupu ndio yenye kitu kinaitwa kanitini, iko kwenye mnofu wenyewe mwekundu, ukitoa mafuta hujaitoa. Tumboni mwetu mnaishi bakteria, na sio kidogo, ni matrilioni, kila tunachokula nao wala. Kuna aina zao wakiipata hiyo kanitini, au kolini iliyo kwenye viini vya mayai na maini, wanaivunja inatoka gesi inaitwa traimethilamini, nayo ndio ile harufu ya samaki aliyevunda ambayo sisi watu wa pwani twaijua vizuri. Damu inaichukua mpaka kwenye ini, ini linaigeuza kuwa kitu chengine ambacho wataalamu wanakiita kwa kifupi TMAO, na hicho ndicho kinachopimwa kwenye damu.

Mwaka 2013 madaktari wa Cleveland kule Marekani, kwenye timu ya Stanley Hazen, walitoa matokeo ya watu 4,007 waliokuwa wamekwenda kuangaliwa mishipa ya moyo halafu wakafuatiliwa miaka 3. Wale wenye TMAO nyingi zaidi kwenye damu walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kama mara mbili na nusu ya wale wenye kidogo kabisa. Halafu mwaka huo huo timu hiyo hiyo ilimlisha steki mtu asiyekula nyama kwa miaka, TMAO karibu haikupanda, manake bakteria wake hawakuzoea kazi hiyo. Hapo ndipo mimi nilipokaa nikafikiri sana. Nyama ni ile ile, tumbo ndio tofauti, na tumbo la Ami tumelizoesha sisi wenyewe kijiti baada ya kijiti.

Nisizidishe. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kama TMAO ndio inaharibu mishipa au ni alama tu ya mwili uliokwisha kuumwa, manake figo zikidhoofika nazo inapanda. Na samaki wa baharini wana TMAO yao wenyewe tangu majini, lakini walaji samaki hawaonekani kuumia moyo kwa hilo, kwa hivyo mtu asije akawacha changu na tafi kwa sababu ya barua yangu. Wala asiwache dawa zake za presha.

Kuna jengine linalonitia hofu. Katika utafiti huo wa Cleveland kuna watu walipewa antibayotiki kwa wiki moja kisha wakala mayai, na TMAO ikakaribia kupotea. Sasa najua hapa mjini mtu akisikia hivyo atakimbilia duka la dawa, manake twazoea, tumbo likikata kidogo twapewa vidonge vinne vitano vimefungwa kwenye kipande cha karatasi, hakuna cheti hakuna swali, mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi sana. Lakini wale watu walipowacha dawa TMAO ilirudi! Na dawa hizo zinaua na bakteria wema, halafu wabaya wanakuwa sugu, siku ya ugonjwa wa kweli hakuna kinachoponya.

Hao bakteria wema chakula chao ni nyuzinyuzi, wakizila wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kupunguza uvimbe mwilini. Na nyuzinyuzi ziko hapa hapa Markiti na Kongowea, pojo, kunde, mbaazi, mchicha, unga wa mtama wa mkate wa mofa ambao siku hizi kuupata ni shughuli. Mbaazi bado twala asubuhi lakini tazama sahani, mbaazi vijiko viwili, mahamri manne.

Ami sasa mishkaki ni Ijumaa tu, siku nyengine ni mseto wa pojo na mboga. Kuna utafiti mwengine wa Marekani ulionyesha watu waliokula nyama nyekundu kila siku kwa mwezi TMAO yao ilifika kama mara tatu, na walipoacha ikashuka ndani ya kama mwezi mmoja, kwa hivyo sijakata tamaa.

Ombi langu kwenu, mkiandika tena habari za moyo muulizeni daktari na habari ya tumbo, na mvitaje hivi vyakula kwa majina yake ya hapa Mombasa, manake mzee akiambiwa ale nyuzinyuzi hajui anunue nini, akiambiwa pojo anajua.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa