Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Joto, Umeme na Ngoma ya Kuongoza

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Naomba kuwasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha sinthesaiza za moduli kwa mwaka unaokwisha, kama katiba yetu inavyomtaka mwenyekiti afanye kabla ya uchaguzi. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo Katibu. Mimi nitakaa zaidi mezani, palipo na mashine zenyewe, kwa sababu hapo ndipo mwaka huu ulipotufundisha na hapo ndipo ulipotugharimu.

Kwa ajili ya wanachama waliojiunga baada ya msimu wa korosho, nieleze kwa kifupi tunachochezea. Sinthesaiza ya moduli ni chombo cha muziki kilichokatwa vipande: kimoja huzaa sauti, kingine huichuja, kingine huipandisha na kuishusha, na mpigaji mwenyewe ndiye anayeviunganisha kwa nyaya fupi kama afanyavyo fundi redio anapojaribu spika. Njia hiyo ilifunguliwa Marekani katika miaka ya 1960, Robert Moog akishirikiana na mwanamuziki Herbert Deutsch mwaka 1964, na Don Buchla akifanya ya kwake kule California katika kipindi hichohicho. Vipimo tunavyovifuata sisi ni vya Mjerumani Dieter Doepfer, aliyevitoa katikati ya miaka ya 1990: kimo cha moduli ni milimita 128.5, jeki, yaani matundu ya kuchomekea nyaya, ni zile ndogo za milimita 3.5, na umeme ni volti 12 chanya na volti 12 hasi. Kabati letu limeundwa kwa mbao za mninga na seremala wa hapa Vigaeni, mjini Mtwara, ambaye hadi leo anaamini kwamba alitutengenezea rafu ya vitabu iliyokosewa vipimo.

Mashine hii haina lugha nyingine isipokuwa volti. Ukiiongezea osileta, ile moduli inayozaa sauti, volti 1, sauti hupanda oktavu 1 kamili, yaani mitetemo huongezeka mara mbili. Ukitaka kupanda nusu toni moja tu, unaigawa volti hiyo kwa 12 na kupata takriban milivolti 83. Hicho ni kiasi kidogo mno. Waya uliolegea, jeki iliyoota kutu au lehemu iliyopoa vibaya hutosha kukipoteza, na mpigaji akadhani ni sikio lake lililoharibika. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa chini lilianza na milivolti chache zilizopotea njiani.

Tatizo la kwanza ni joto. Osileta mbili tulizozijenga wenyewe wakati wa kusi, asubuhi za Julai, zilisawazishwa vizuri mbele ya mashahidi na zikakubali oktavu nne bila lawama. Kaskazi ilipoingia, alasiri za Novemba, chini ya paa letu la bati lisilo na dari, osileta hizohizo zilikuwa zikianza vyema kwenye noti za chini kisha zinashuka kadiri tunavyopanda, hata wimbo wa kitoto ukasikika kama unaimbwa na mtu aliyechoka. Sababu yake iko ndani ya transista. Jozi ya transista inayogeuza volti kuwa mitetemo hubadilika kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi 1 ya joto, na badiliko hilo hubana nafasi baina ya noti. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kila oktavu hupungukiwa na karibu senti 40 kati ya senti 1200 zinazoijenga, senti hapa ikiwa kipimo cha kimo cha sauti ambacho 100 zake ni nusu toni. Kwa oktavu tatu upungufu unapita nusu toni nzima. Tusijione wajinga, maana hata mashine za Moog za miaka ile ya mwanzo zilijulikana kwa kuyumba jukwaani, nazo zilitengenezwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo.

Tulipoteza wiki mbili kwa kosa ambalo sasa linatuchekesha. Osileta ya kushoto ilikuwa inapanda na kushuka kidogo kidogo kwa mpangilio, kana kwamba inapumua, na tulibadilisha kapasita tatu tukitafuta ugonjwa. Mwanachama wetu mmoja wa Shangani, ambaye huzungumza kwa nadra, ndiye aliyenyoosha kidole kwenye feni: kila ilipogeuza shingo yake kuelekea kwenye kabati, transista zilipoa na sauti ikahama. Tangu siku hiyo feni inatazama watu peke yao. Dawa ya kudumu ni rezista maalumu inayobadilika kinyume na transista, ya sehemu 3300 kwa milioni kwa kila nyuzi, inayobandikwa juu ya jozi hiyo ili zipate joto moja. Nne zimeagizwa. Mpaka zifike, utaratibu ni kuwasha mashine nusu saa kabla ya kuanza na kusawazisha tena baada ya hapo.

Tatizo la pili linanihusu mimi binafsi, na ni vyema mlisikie kutoka kinywani mwangu kuliko kwa watu. Moduli ya kuchuja sauti, ambayo ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote tulizonunua, na ambayo mzigo wake ulikaa kwa wakala miezi miwili tukizungushwa kwa ahadi, niliiunguza siku ileile ilipofika. Waya bapa wa umeme una mstari mwekundu upande mmoja, na mstari huo ni upande wa volti 12 hasi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kabati, tochi ya simu mdomoni, nikachomeka waya kwa kupapasa. Nilipowasha swichi hapakuwa na mlio wowote. Palitokea harufu, ile harufu kali ya plastiki na chuma ambayo kila aliyekaa karibu na fundi redio anaijua, kisha moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye chipu mojawapo. Fundi wetu alibadilisha chipu mbili za TL072 na moduli ikafufuka, ila swichi moja haifanyi kazi mpaka leo. Gharama ya chipu nimeilipa mwenyewe. Kwa uamuzi wa Kamati, kila moduli tunayoijenga sasa inawekewa diodi mbili za kinga, na hakuna mtu, akiwemo mwenyekiti, anayeruhusiwa kuchomeka waya wa umeme bila mtu wa pili kuusoma mstari mwekundu kwa sauti.

Kuhusu umeme wenyewe, mnajua hali ilivyokuwa. Kukatika ni jambo moja, na mtu hukaa gizani akasubiri. Kurudi ndiko kunakoumiza, maana unaporudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapokufa. Tulijaribu inveta ya kawaida, nayo ikatuletea kwenye spika mlio mwembamba usioondoka, juu ya ule mngurumo wa hetzi 50 ambao tumeuzoea kiasi kwamba wengine wanausawazishia ala zao, juu kidogo ya noti ya G. Kisha tukajaribu betri mbili za pikipiki zilizounganishwa mfululizo, katikati yake pakiwa ndiyo sifuri. Ukimya uliopatikana jioni ile ulikuwa wa ajabu: kwa mara ya kwanza tulisikia chujio likifunga mpaka mwisho pasipo kubaki kitu chochote nyuma yake. Ila betri zilivyopungua nguvu na osileta nazo zikafuata, na baada ya saa tatu tulikuwa tunapiga muziki mwingine kabisa.

Chumvi ya bahari nitaipita haraka. Jeki zinasafishwa kwa spiriti kila mwisho wa mwezi, na ninawashukuru wanachama mnaotuletea vile vipakiti vya kukausha unyevu kutoka kwenye maboksi ya viatu. Endeleeni.

Sasa niingie kwenye sekwensa, ambayo kwangu ndiyo kazi bora ya mwaka. Sekwensa ni kifaa kinachotoa volti kwa zamu, hatua baada ya hatua, ili mashine ijipige yenyewe. Ya kwetu imejengwa kwa chipu ya CD4017, ambayo ina matokeo kumi yanayowaka moja moja kwa zamu kila inapopokea mshtuko, na kila tokeo likapewa volyumu yake ya kuchagulia noti. Vishikizo vya volyumu hizo amevichonga mchongaji mmoja wa Kimakonde kutoka kwenye mabaki ya mpingo, kila kimoja na uso wake, na sasa tunasema "punguza babu" au "pandisha yule mwenye meno" badala ya kutaja namba. Mgeni akituzuru huona tunachekesha, lakini gizani, umeme ukiwa umekatika na betri zikiendelea, vidole hutambua uso upesi kuliko namba.

Tulipoanza tuliiweka katika hatua 8, kwa kuwa ndivyo zilivyokuwa sekwensa za Moog, na ndivyo michoro yote tuliyoipata ilivyoelekeza. Ilifanya kazi, na hakuna aliyeipenda. Ilikuwa inatembea kama askari wa gwaride. Vijana walikaa nayo majuma kadhaa kabla ya mmoja wao kuhoji kwa nini tunaihesabia nane ilhali ngoma tulizokua nazo zinatembea kwa sita na kumi na mbili. Jibu lilihitaji waya mmoja: kutoka tokeo la saba kwenda pini ya 15 ya chipu, ili hesabu irudi mwanzo kabla ya kufika saba. Baadaye tukaongeza chipu ya pili tukapata 12, na tukaigawa saa ya mashine, yaani ile mishtuko inayoisogeza hatua, kwa mbili upande mmoja na kwa tatu upande mwingine, ili mbili zipigane na tatu. Walioishi jirani na ukumbi wetu, ambao walishatulalamikia mara mbili, walikuja dirishani kuuliza tunapiga nini.

Kutokana na hilo ndipo tukapata ujasiri wa kwenda Mikindani kwa wazee wa ngoma. Safari ya kwanza ilikuwa aibu. Saa ya mashine haina masikio: wapigaji walipochangamka na kuongeza mwendo, yenyewe ilibaki palepale, na baada ya dakika chache mzee aliyekuwa akiongoza aliinua mkono, akaenda kupasha ngoma yake kwenye moto wa makuti makavu, akaniuliza akiwa amechutama pale: "Mwanangu, sisi tukiipasha ngoma moto inapanda. Hiyo yenu mkiipasha inakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba inashuka, mzee wangu, na hasa noti za juu. Akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

Safari ya pili tulikwenda na kisahani cha piezo, kile kinachotoa mlio ndani ya saa za alamu. Ukikibandika kwenye ngoma hufanya kazi kinyume: kinageuza mshindo kuwa volti. Tulikibana chini ya ukingo wa ngoma ya kuongoza, tukaikuza volti ile na kuipeleka kwenye sekwensa badala ya saa yake, ili kila kipigo cha mzee kiwe hatua moja ya mashine. Mwanzoni kipigo kimoja kilihesabiwa viwili, kwa sababu ngozi inaendelea kutetema baada ya mkono kuondoka, na ikabidi tuongeze kapasita na rezista ili mashine izibe masikio kwa muda mfupi baada ya kila mshindo. Halafu ikakaa sawa. Mzee alipokaza mwendo, mashine ilikaza. Alipoacha mkono hewani ili kumtania mchezaji, mashine nayo ilinyamaza ikimsubiri. Alirudia utani huo mara tatu, kisha akasema: "Hii sasa ina adabu." Ndugu wanachama, kwa maoni yangu sentensi hiyo ina uzito kuliko moduli yoyote tunayoweza kuagiza.

Ninafahamu kwamba baadhi yenu mnaona tofauti, na Kamati imepokea pendekezo la maandishi kwamba tuuze nusu ya moduli tununue kinanda cha kidijitali cha kupigia harusini, ili chama kijilipie kodi ya chumba. Hoja ya kodi ni ya kweli na siibezi. Hata hivyo, kupiga harusini kuna wataalamu wake hapa mjini, na wanachama wetu walilipa kiingilio ili wachezee na wajifunze. Tukishaanza kudaiwa ratiba na mabwana harusi, nusu saa ya kupasha mashine itakuwa ugomvi. Naomba pendekezo hilo lipigiwe kura leo, na mtajua kura yangu iko wapi. Kwa wale ambao hawawezi kufika chumbani mara kwa mara, hususan wa Masasi na Newala, programu ya VCV Rack, iliyotoka mwaka 2017 na isiyolipiwa, huiga moduli hizihizi ndani ya kompyuta, na Katibu yuko tayari kuwawekea.

Kamati inaomba idhini ya kutonunua moduli mpya hata moja katika mwaka ujao. Fedha zielekezwe kwenye saplai iliyo imara, inayoshikilia volti 12 za pande zote mbili hata betri zinapopungua, pamoja na fyuzi zake. Dari ya chumba. Na visahani vitatu zaidi vya piezo, kwa kuwa wazee wameomba safari ijayo ngoma ndogo nazo ziwe na sauti yao. Wametaka twende kabla mvua hazijachanganya, Jumamosi, na wamesisitiza kwamba feni ibaki nyumbani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti